Hakuleta nyaraka za mali, nikazifuata mwenyewe

Ushauri mwingi nilioupata wakati wa talaka yangu ulikuwa mmoja: subiri. Shangazi alisema nisubiri hasira za mwanaume zipoe, ataleta mwenyewe. Mwenzangu wa kikoba akasema nimwachie Mungu. Binti wa mjomba, anayeishi Uingereza, alinitia moyo kwamba huko kila mmoja hupewa fomu ndefu aorodheshe akaunti, nyumba, madeni na pensheni, na akificha anabanwa. Ndivyo ilivyo kwao. Kesi yangu ilikuwa Dar es Salaam, na huku hatuna fomu hiyo. Sheria yetu ya Ushahidi inataka anayedai ndiye athibitishe. Ukikaa ukingoja mtu akuletee kile anachokificha, siku ya hukumu mtagawana kilichoonekana tu.

Katika ndoa yetu tulipata nyumba ya Mbagala tuliyoishi, duka la vifaa vya umeme, Noah moja, bajaji, na viwanja huko Chanika na Kibaha. Jina langu halikuwa popote. Nilikaanga vitumbua alfajiri, nikalea watoto, nikasimama na mafundi juani nikihesabu tofali zinazoshushwa. Asikudanganye mtu kwamba hiyo si kazi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataja mchango wa fedha, mali au kazi, na Mahakama ya Rufani ilishakubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Nililishika hilo kwa mikono miwili.

Baraza la usuluhishi la kata lilishindwa kutupatanisha, likatoa hati, nikafungua shauri. Hapo ndipo kaka mkubwa wa mume wangu alipoomba tukae kifamilia. Nilikwenda kwa heshima yake. Mume wangu, Baba Nuru, akaingia na bahasha ya kaki imevimba, akaiweka mezani, na kila mtu akashusha pumzi. Tukaimwaga. Risiti za ada za shule. Bili za maji. Kadi za kliniki za watoto. Mkataba wa fremu ya duka uliokwisha muda zamani.

“Shemeji, mwenzio kaleta kila kitu, sasa mnakwama wapi?” kaka yake akaniuliza.

“Shemeji, humu hamna karatasi ya kiwanja hata kimoja. Wala ya gari, wala ya benki.”

“Za viwanja ziko kwa mtu wa ardhi, anazishughulikia,” akadakia Baba Nuru.

“Jina lake nani, tumpigie sasa hivi?”

Akasema simu yake haipatikani. Wifi yangu naye akaniambia, “Mama Nuru, si mali za watoto hizo? Unazihesabu za nini?” Nikamjibu kwamba za watoto ndizo za kuhesabiwa kuliko zote. Kikao kikavunjika hivyo, na ile bahasha ikawa ndiyo ngao yake mahakamani kwa miezi mingi: “Mheshimiwa, mteja wangu ameshatoa nyaraka.” Kesi ikitajwa, leo wakili wake mgonjwa, kesho yeye yuko safarini, keshokutwa benki haijampa taarifa. Inaahirishwa.

Jirani mmoja alinishauri nimvizie amelala kwa mama yake, nichukue simu niingie kwenye M-Pesa yake. Huo ni ushauri wa kukupeleka rumande. Kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hapo kesi inageuka, wewe ndiwe mshtakiwa. Mimi sikugusa chake. Nilianza na simu yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipompata.

Kibaha alisema ni pori tu, kiwanja kitupu, tena alishamrudishia rafiki yake aliyemuuzia. Alilisema hilo mbele ya hakimu bila kupepesa. Usiku ule nikakumbuka kitu. Kwa miaka miwili au zaidi alikuwa akinitumia ujumbe: “Mke wangu, ninunulie umeme wa elfu kumi, namba hii, ni wa fundi wangu hana salio.” Nami nanunua. Namba ya mita haikuwa ya nyumbani kwetu. Ya nyumbani naijua kwa kichwa. Nikakaa kitandani nikaanza kurudi nyuma kwenye meseji. Zilikuwepo. Mita ileile yenye tarakimu 11, mwezi baada ya mwezi, tokeni ya tarakimu 20, uniti, VAT, tozo za EWURA na REA, na chini yake makato ya kodi ya jengo. Mnakumbuka tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Pori halikatwi kodi ya jengo!

Sikumwambia mtu isipokuwa wakili. Zile ambazo simu ilishazifuta, nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu nikaomba taarifa ya miamala ya laini yangu, ambayo ni haki yangu kwa kuwa laini ina jina langu. Tukachapa zote, wakili akaandaa kiapo cha kueleza zimetoka simu gani na zilitunzwaje, maana ushahidi wa kielektroniki ukiupeleka mkononi tu utapingwa. Kisha akaomba mahakama imwite ofisa wa shirika la umeme aje na taarifa za mteja wa mita ile. Ofisa alikuja, akasoma jina. Lilikuwa la Baba Nuru, majina yote matatu, na mita iko Kibaha. Wakili wake akaomba ahirisho. Safari hii hakimu alikataa.

Kabla ya hayo yote, tangu mwanzo, tulishaziba njia za mali kutoka. Hili nalikazania kwa kila mwanamke anayeniuliza: zuio kwanza, maswali baadaye. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinasema hivyo, lakini mnunuzi hawezi kujua kama umekaa kimya. Ile ya Mbagala ina hati, tukaweka zuio kwa Msajili wa Hati. Vingine tukaombea zuio la muda mahakamani.

Chanika hakujapimwa, kwa hiyo hakuna hati ya kutafuta wizarani. Viwanja vya namna hiyo huuziwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na karatasi za mauziano huwa na mashahidi. Nilikwenda na barua ya wakili. Mwenyekiti akavuta kaunta buku kubwa lililochakaa pembe, akalamba kidole, akafungua kurasa taratibu mpaka akafika: jina la Baba Nuru, la muuzaji, hatua 20 kwa 25, na majirani wa mipaka pande zote. Jirani mmoja alikubali kuja kutoa ushahidi. Nauli yake nililipa mimi.

Duka alidai ni la mdogo wake. Tukaomba taarifa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina la biashara likatoka limesajiliwa kwa jina la Baba Nuru mwenyewe. Noah ilikuwa imehamishwa umiliki, na kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, zilionyesha imehamishwa baada ya mimi kufungua shauri. Tarehe hiyo ilimuumiza kuliko maneno yangu yote. Gharama za kutafuta taarifa hizi si za kutisha, ukijumlisha ada na nauli ni laki mbili tatu hivi. Wakili ndiye ghali, na kama huna, nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au vituo vya msaada wa kisheria, wapo na wanasaidia kweli.

Vyote nilivipanga kwenye jedwali la karatasi mbili: mali, ilipo, ilinunuliwa lini, ushahidi wake, nani anaijua. Hakimu alilipenda. Ndipo akatoa amri Baba Nuru alete nyaraka zake kwa kiapo, akitaja mali moja moja, na akimwonya kwamba asipotii utetezi wake utafutwa. Akaleta. Bado aliacha akaunti moja, lakini wakati huo tulishaomba ofisa wa benki aitwe, kwa sababu kadi ya benki hiyo niliiona mara nyingi kwenye pochi yake.

Hukumu iliandikwa kwa Kiswahili, nikaisoma mwenyewe mpaka mstari wa mwisho. Nimepata asilimia 40 ya vyote, Kibaha ikiwemo, na watoto wamebaki nami Mbagala. Mthamini aliyesajiliwa ameshapita kwenye ile nyumba ya Kibaha. Ina vyumba vitatu, imepigwa rangi ya maziwa, na ina mpangaji. Baba Nuru amechagua kuibakiza na kunilipa fungu langu kwa awamu. Awamu ya kwanza imeingia, na tarehe ya pili imeandikwa mahakamani.