Nguzo za Maruhubi, ziara ya tisa

Jumapili nimerudi Maruhubi, kwenye gofu la jumba la kisultani hapa Unguja, kwa mara ya tisa, na safari hii nimeondoka na picha ninayoweza kuiweka kando ya ile niliyoipiga Januari bila kujidanganya.

Mradi wenyewe, wa kupiga picha magofu, ulizaliwa na majuto. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, mjini Zanzibar, iliporomoka. Mimi ni mtoto wa mjini, na jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, nilipita mbele yake karibu kila siku nikienda na kurudi skuli. Usiku ule nilipekua simu yangu nikakuta picha mbili tu, na zote nilikuwa nimewapiga watu, jumba limeonekana nusu nyuma yao. Nikaona haya. Baadaye nikanunua kamera iliyokwisha tumika na lenzi yake moja, nikaanza kujifunza mwenyewe, nikaamua kazi yangu itakuwa magofu ya Unguja: Maruhubi, Mtoni, Kidichi, Dunga.

Maruhubi ndiko ninakorudi zaidi. Jumba lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Orofa yake ya juu ilikuwa ya mbao, kwa hiyo moto ulikula mbao ukaacha mawe, na ndiyo sababu leo unakuta safu za nguzo nene zimesimama hazibebi kitu, pamoja na hamamu (nyumba ya kuogea) na mahodhi ya maji. Mgeni huzipiga picha nguzo akaenda zake. Mimi nilizipiga hivyo hivyo ziara tatu za mwanzo. Kisha nikabadili utaratibu: nasimama pale pale, urefu wa kamera ule ule, lenzi ile ile, kila baada ya wiki kadhaa, nione gofu linavyobadilika.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Kuna ufa kwenye ukuta mmoja wa hamamu unaotazama kaskazini. Picha ya Januari ilionyesha mstari mwembamba, kama uzi. Picha ya Julai ilionyesha mfereji mweusi ambao ungedhani mkono unapita. Nilishtuka kweli. Nilimwonyesha rafiki yangu, nikamwambia ukuta unakwenda. Tulirudi siku ya pili na rula, tukapima: milimita 9 pale penye upana mkubwa. Januari sikupima, lakini nilipoikuza picha na kulinganisha ufa na jiwe la pembeni yake, upana ulikuwa ule ule.

Kilichobadilika ni jua. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta. Januari jua la mchana hupita upande wa kusini, ukuta ule ukabaki kivulini, na kivulini ufa haujitokezi. Julai jua huhamia kaskazini, likateremka juu ya uso wa ukuta kwa mshazari, na kila shimo na kila punje ya chokaa ikatupa kivuli chake. Mwanga wa mshazari ni mzuri mno kwa picha ya ukutani, unatoa umbile la jiwe la matumbawe hadi unatamani kuligusa. Ila kwa kumbukumbu ya ufa unasema uongo. Kwa hiyo sasa napiga mara mbili: moja ya mshazari kwa uzuri, na moja siku ya mawingu, rula imebandikwa ukutani ndani ya picha. Jumapili kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Nimepata ile ya pili. Milimita 9 bado.

Karibu na ufa huo mtini mwitu umeota. Mzizi wake una unene wa kidole gumba, umelala juu ya chokaa kama mshipa wa mkono wa mzee, halafu unazama katikati ya mawe mawili. Huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko ufa. Nimeupima na wenyewe.

Mtoni nimekwenda mara moja tu tangu masika, na picha zimeharibika: mbingu imekuwa nyeupe tupu, kuta nyeusi. Jumba la Sultani Seyyid Said, alipozaliwa binti yake Bibi Salme mwaka 1844, linastahili zaidi ya hapo. Nitarudi jioni, kwa sababu kuta za upande wa bahari zinatazama magharibi, na nitapiga picha tatu tatu za mwanga tofauti kisha nizichanganye kwenye kompyuta. Kidichi nimemaliza kuba la hamamu, mwanga ukishuka kutoka kwenye vitundu vya juu. Bado urembo wa chokaa wa tausi na mitende. Dunga sijafika.

Vifaa: unyevu ndio adui. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi hupata ukungu papo hapo, basi naiacha ndani ya mkoba nusu saa kabla ya kuifungua. Nyumbani inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Waulize jamaa wa maduka ya viatu Darajani, wananiwekea.

Ufukweni pale huchongwa majahazi, na fundi mmoja mtu mzima amenizoea. Nilipomwamkia Jumapili aliniuliza, "Mwanangu, hizi picha unampelekea nani?" Nikatoa bahasha, nikampa nakala ya nguzo niliyoisafisha kwa karatasi kubwa. Akaitazama kitambo, kisha akaweka kidole kwenye nguzo ya tatu, juu kabisa, kwenye vishimo vya mraba. "Hapa boriti zilikaa. Hesabu vishimo, utajua sakafu ilikuwaje." Ziara tisa, na nilikuwa navipiga picha vishimo vile nikidhani ni mawe yaliyodondoka.

Tumepanga kuvihesabu pamoja Jumamosi ijayo, maji yakitoka, kabla hajaanza kazi. Yeye atakuja na kamba ya kupimia.