Baada ya stenti: ninavyotambua kero ni ya dawa ipi

Mtu aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi, hurudi nyumbani na dawa tano au sita, nyingi zikiwa zimeanzishwa kwa pamoja. Ugumu unaanzia hapo. Miguu ikiuma, kikohozi kikija au uchovu ukizidi, hujui umlaumu nani, na rahisi ni kuziacha zote. Mimi nimezigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kuzuia damu isigande: aspirini na mwenzake, ama klopidogreli ama tikagreloli. Hilo siligusi bila kauli ya daktari wa moyo. Fungu la pili ni dawa ya kolesteroli, ya kutuliza mapigo na ya presha. Hizo zina mbadala, kwa hiyo kero zake zinajadilika.

Fungu la kwanza lina uzito huo kwa sababu stenti ni wavu wa chuma. Mpaka utando wa ndani wa mshipa uote na kuufunika, damu huuona kama jeraha na hutaka kugandia hapo. Ikiganda, mshipa unaziba ghafla. Aliyewekewa stenti kwa sababu ya shambulio la moyo kwa kawaida hutumia dawa hizo mbili miezi 12. Aliyewekewa kwa miadi, bila shambulio, mara nyingi ni miezi 6, na daktari hufupisha kwa mwenye hatari kubwa ya kutokwa damu. Uliza tarehe yako na uiandike kwenye kadi ya stenti, maana utakutana na wauguzi na madaktari wengi wasiokujua.

Chombo changu kikubwa ni daftari la shule. Naandika saa ya kumeza, presha, mapigo na kero. Saa ndiyo inayofichua mengi: kizunguzungu cha saa mbili baada ya kidonge cha presha si sawa na cha alasiri kwenye jua bila maji. Presha napima baada ya kukaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mezani usawa wa moyo, mara mbili kwa kupishana dakika moja. Kama kichwa kinazunguka wakati wa kuinuka, napima nikiwa nimelala, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, hicho ni kizunguzungu cha presha kuanguka, na daktari anaweza kuhamishia dawa moja usiku au kupunguza dozi. Ukimwambia tu "nasikia kizunguzungu" hana cha kushika.

Kwenye damu, michubuko midogo na ufizi kutoa damu kidogo ni jambo la kutarajiwa. Mswaki laini unasaidia. Pua ikitoka damu, kaa, inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia ili kuchungulia. Anayechungulia kila baada ya dakika huanza upya. Kinachohitaji hospitali siku hiyo hiyo ni choo cheusi kama lami chenye harufu kali, matapishi ya damu au ya rangi ya kahawa, mkojo wa damu, au kichwa kuuma ghafla kwa nguvu. Kumbuka tu kwamba vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi.

Tumbo ndilo linalowafanya wengi waache aspirini. Naimeza baada ya chakula, dozi ndogo ya miligramu 75 hadi 100, kwani kuzidisha kunaongeza vidonda bila kuongeza kinga. Kama kuna kiungulia au historia ya vidonda vya tumbo, omba dawa ya kupunguza asidi, lakini taja kwamba unatumia klopidogreli. Klopidogreli humezwa ikiwa bado haina nguvu, ini ndilo huiamsha, na omeprazoli hukizuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Pantoprazoli haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa. Omeprazoli ndiyo iko kila duka la dawa, na utapewa bila kuulizwa.

Hatari kubwa zaidi kutoka duka la dawa ni diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo ukiuma, mtu anapewa diklofenaki kama anavyopewa peremende. Kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, dawa hizo huongeza hatari ya shambulio, hutoboa tumbo lililokwisha kulainishwa na aspirini, na ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi. Kwa maumivu natumia parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati, visizidi vinane kwa saa 24.

Tikagreloli ina kero yake ya pekee: pumzi. Katika utafiti mkubwa wa PLATO wa mwaka 2009, walioipata dawa hii na kulalamika kukosa pumzi walikuwa asilimia 13.8, dhidi ya 7.8 kwa waliotumia klopidogreli. Hali hii huja hata umekaa, kama unataka kuvuta pumzi ndefu isiyotosha, kwa kawaida siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua yenyewe. Pumzi inayobana ukilala chali, inayokuamsha usiku au inayoambatana na miguu kuvimba ni suala la moyo wenyewe, si la kidonge. Kama ni kidonge na hakivumiliki, daktari atakubadilishia klopidogreli kwa utaratibu. Kuacha leo na kuuliza wiki ijayo ni siku saba stenti haina ulinzi kamili.

Sasa misuli, maana hapa ndipo panapoleta ubishi mwingi. Atovastatini, dawa ya kolesteroli ya jamii ya statini, baada ya stenti hutolewa kwa dozi kubwa, miligramu 40 au 80. Maumivu yake halisi hushika pande zote mbili, mapaja na ndama za miguu, na kwa kawaida huanza wiki chache baada ya kuanza au kupandisha dozi. Goti moja linalolia kwenye ngazi si atovastatini. Utafiti wa SAMSON uliofanyika Uingereza na kutangazwa 2020 uliwapa watu 60 walioshindwa na statini miezi ya dawa, miezi ya vidonge vitupu visivyo na dawa na miezi ya kutomeza chochote, bila wao kujua kidonge kipi ni dawa na kipi ni kitupu. Karibu asilimia 90 ya kero waliyoipata kwa statini waliipata pia kwa vidonge vitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli. Chanzo ndicho mara nyingi hakikuwa dawa. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu, omba vipimo vya CK (kimeng'enya kinachoonyesha misuli kuumia), tezi dundumio na vitamini D. Kama ni dawa kweli, kuna njia: kupunguza dozi, kuhamia rosuvastatini, au kuongeza ezetimibe miligramu 10 juu ya dozi ndogo. Lengo la LDL, yaani kolesteroli mbaya, kwa mtu wa stenti, kwa mwongozo wa Ulaya, ni chini ya 1.4 mmol/L, na hilo halibadiliki kwa kuwa umebadilisha kidonge. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi pamoja na misuli kulegea ni dharura. Klarithromaisini, antibayotiki inayotolewa kwa vidonda vya tumbo na maambukizi ya kifua, hupandisha atovastatini mwilini, mwambie anayekuandikia.

Bisoprololi na jamaa zake, dawa za kutuliza mapigo, huleta uchovu, mikono ya baridi, ndoto za ajabu, na kwa baadhi ya wanaume upungufu wa nguvu za kiume. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, piga simu kliniki. Usiikate ghafla, kwani moyo huruka kwa kasi na maumivu ya kifua hurudi. Hupunguzwa kwa hatua. Dawa za nguvu za kiume za mtaani zikichanganywa na kidonge cha chini ya ulimi (nitrogliserini, cha maumivu ya kifua) zinaangusha presha hadi kuua.

Kidonge hicho cha chini ya ulimi hupasua kichwa kwa maumivu, kwa sababu hutanua mishipa yote. Kaa kwanza ndipo ukiweke. Maumivu ya kifua yasipoisha ndani ya dakika 5, safari ya hospitali ianze.

Kikohozi kikavu cha kuwasha koo bila makohozi ni saini ya ramiprili, enalaprili na ndugu zao. Watu huzunguka na dawa za kifua na antibayotiki, hata hupimwa kifua kikuu, kumbe dawa ya presha ikibadilishwa kuwa losatani kinaondoka ndani ya wiki chache, mara nyingine hadi miezi mitatu. Uso au midomo ikivimba ghafla, acha dawa hiyo na uende hospitali papo hapo. Dawa hizi, losatani ikiwemo, hubakiza potasiamu; madafu mawili matatu kwa siku na chumvi mbadala, vyenye potasiamu nyingi, si vyema, hasa figo zikiwa dhaifu. Ukiharisha na kutapika, uliza kama uzisimamishe kwa muda.

Ukisahau klopidogreli na ukakumbuka kabla saa 12 hazijapita, meza. Zikipita, subiri zamu inayofuata, usimeze mbili. Tikagreloli humezwa mara mbili kwa siku, hivyo ukiruka zamu, meza inayofuata kwa saa yake. Wanaofunga Ramadhani hupangiwa futari na daku, ila daktari aulizwe kabla mwezi haujaandama. Na jino likihitaji kung'olewa, onyesha kadi ya stenti na umwache daktari wa meno azungumze na wa moyo. Mara nyingi jino hung'olewa dawa zikiendelea, kwa kushona na kung'ata pamba kwa nguvu dakika 30.