Darasa la Pili Ndani ya Mapango ya Amboni

Mwenye kosta alikuwa amekwisha kukubali bei tangu Jumatano, lakini alfajiri ya safari, watoto wakiwa wamepanga mstari mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu na chupa zao za maji shingoni, alitutangazia kwamba dizeli imepanda na kwamba bila nyongeza gari halitawashwa. Anayetaka kumkamua mwalimu amsubiri akiwa na watoto zaidi ya 40 waliokwisha kuaga nyumbani. Tulichangishana palepale, walimu na wazazi wachache waliojitolea kutusindikiza, tukapanda gari ambalo viti vyake vilichanika hadi sponji ikawa inachungulia. Watoto walikaa watatu watatu penye nafasi ya wawili, kwa hoja ya mwenye gari kwamba mtoto wa darasa la pili hana uzito.

Ya njiani kutoka Korogwe hadi Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 100, sina mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba pale Muheza, kwenye machungwa yenyewe, tuliuziwa machungwa dirishani kwa bei ya Dar es Salaam, na kwamba waliokula machungwa hayo ndio waliotapika baadaye.

Katika shule nyingi za msingi ziara ya mafunzo huhesabiwa kuwa haki ya darasa la saba, aghalabu ikiwa ni namna ya kuwaaga. Wadogo huambiwa wasubiri wakue. Nilipopeleka hoja kwamba safari hii iwe ya darasa la pili, wenzangu waliniuliza watoto ambao bado wanahangaika na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wataelewa nini pangoni. Niliwajibu kwamba mtoto wa miaka saba au minane bado anauliza swali bila kuona haya, ilhali wa darasa la saba amekwisha kujifunza kunyamaza ili asichekwe. Mwalimu mkuu alikubali, ingawa nadhani alichokubali hasa ni kwamba wadogo wanaenea wengi zaidi ndani ya kosta moja.

Mzazi mmoja aligoma kusaini barua ya ruhusa kwa sababu ya popo, na sikuweza kumlaumu. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera mwezi Machi 2023, sote tulisikia kwamba virusi vyake hukaa kwa popo walao matunda wanaoishi mapangoni, na nchini Uganda wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua mwaka 2007 baada ya kufanya kazi palipojaa popo hao. Amboni haikuwamo katika habari hizo, lakini popo wako tele. Kwa hiyo niliweka masharti kabla ya kuondoka, nikawafanya watoto wayakariri kama wimbo: hatugusi popo, hatugusi kinyesi chake, hatugusi ukuta, hatuli kitu ndani, na tukitoka tunanawa kwa sabuni. Katika hilo la ukuta nilikuwa na sababu ya pili, kwamba mafuta ya mkono wa mtu yakishapaka jiwe la pangoni, chokaa inayoletwa na maji haishiki tena vizuri mahali hapo, na jiwe huacha kukua.

Kutoka Tanga mjini hadi mapangoni ni kilomita 8 hivi kwa barabara iendayo Horohoro na Mombasa, kisha unaacha lami na kukata kushoto kuelekea Kiomoni. Dereva alitushusha, akasema anarudi mjini mara moja kutazama tairi. Baadaye tulikuja kufahamu kwamba tairi halikuwa na neno. Alikwenda kupakia abiria kwa gari tulilolikodi kwa siku nzima. Kwa kuwa hakuwepo wa kulindia chakula garini, na tumbili wa pale nje walikuwa wamekwisha kututazama kwa jicho la njaa, mwalimu mwenzangu wa michezo, mtu wa kifua na mabega, alilibeba mgongoni begi kubwa lenye maandazi na mayai ya kuchemsha ya darasa zima. Begi hilo ndilo litakalotawala sehemu kubwa ya simulizi hii.

Mwongoza wageni aliyetupokea alikuwa mzee mpole na mcheshi. Watoto walimwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba, kisha akawaambia kwamba mahali hapa pana wenyewe, hivyo tupige hodi kwanza. Zaidi ya sauti arobaini zilipiga hodi mlangoni mwa pango. Binti mmoja aliyekuwa mbele kabisa alingoja kidogo, akageuka na kuniuliza nani atakayesema karibu. Mzee alicheka, akasema, “Karibuni, wanangu,” na binti akaridhika kwamba utaratibu umefuatwa.

Ndani, maelezo yalianza, na hapa ndipo ninapotaka kusema neno. Mzee alijua kazi yake, lakini kazi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Alituonyesha jiwe linalofanana na kochi na jingine linalofanana na mamba. Alitueleza habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humu wakiwakimbia polisi wa Waingereza katika miaka ya 1950. Alisimulia habari za Wazungu walioingia na mbwa wao wasionekane tena, ila mbwa peke yake, aliyeibukia mbali sana. Wengine husema Mombasa, wengine Kilimanjaro. Mimi najua kwamba upimaji uliofanywa mwaka 1994 na wataalamu wa Kijerumani na Kituruki ulihesabu mapango 10, na lililo refu kuliko yote halikuzidi mita 900 hivi. Sikusema kitu, kwa sababu hadithi ni nzuri na mzee ni mzee. Lakini niliwaona watoto. Walikuwa wakitazama juu, chini, pembeni, kila mahali isipokuwa pale tochi ilipoelekezwa, na kila mmoja alipotaka kuuliza jambo, kundi lilikuwa limekwisha kusogezwa kwenye jiwe jingine.

Tulipita mahali pa mizimu, ambapo watu huja kuomba na kuacha sadaka zao. Tuliona vitambaa na chupa za marashi. Mzee aliwaambia watoto wasiguse, nao wakatii bila kuuliza, jambo ambalo masharti yangu yote hayakuwahi kulifanikisha kwa wepesi huo. Wengi wao wana bibi nyumbani ambaye amewafundisha adabu ya mahali pa namna hiyo.

Mbele kidogo njia inabana na kushuka, kiasi kwamba mtu mzima hana budi kuinama, kisha kupiga magoti, kisha kujikaza. Mzee alitangulia na nusu ya watoto. Walipita bila hata kupunguza mwendo, wengine wakiwa wamesimama wima, na hapo kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba pango hili linawafaa wao kuliko sisi. Nyuma yao akafuata mwalimu wa michezo, na begi mgongoni.

Akakwama. Alikuwa ameingia hadi kiunoni, mabega yakiwa upande wa pili na begi likiwa limeganda baina ya mgongo wake na dari. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kurudi nyuma, na mikono yake ilikuwa imetangulia hata asiweze kuifikia mikanda ya begi. Mzee alimvuta kutoka kule, mimi na mzazi mmoja tukamsukuma kutoka huku, lakini kila tulipoongeza nguvu tulisikia maganda ya mayai yakivunjika. Mtoto mmoja nyuma yangu aliuliza, kwa wasiwasi wa kweli, “Mwalimu, mayai yamepona?” Swali lile lilimfanya mwenzangu acheke, na kucheka kulimkaza zaidi. Kutoka upande wa pili tulimsikia mzee akisema kwa utulivu, “Pumua polepole, Mwalimu. Hujafa, umebanwa tu.”

Basi tukagawanyika. Mwongozaji na nusu ya darasa walikuwa kule, mimi na nusu nyingine huku, na katikati yetu miguu ya mwalimu yenye raba nyeupe. Niliwachuchumaza watoto, nikawaambia watulie. Hapakuwa na wa kutueleza jambo lolote, na tochi yetu ilikuwa moja. Walioanza kulia niliwashika mabega. Baada ya muda kukawa kimya, na katika kimya hicho mvulana mmoja ambaye darasani huwa hasemi hadi aulizwe mara tatu alisema, “Mwalimu, kuna saa humu.”

Tulisikiliza. Kweli, kitu kilikuwa kinagonga taratibu, kikinyamaza, kikigonga tena. Nilizungusha tochi huku watoto wakinielekeza, huku, hapana, huku, hadi tulipolipata: kipande cha jiwe jeupe kilichoning'inia darini, chembamba kama kidole, na kwenye ncha yake tone la maji. Tone lilivimba, likarefuka, likatetemeka kidogo, likaanguka juu ya kinundu cha jiwe lililokuwa chini yake hasa. Mtu wa nyuma aliomba turudie. Tukarudia. Halafu, bila mimi kuagiza, wakaanza kuhesabu kwa sauti kutoka tone hadi tone. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na nne tena. Walibishana nani kahesabu haraka, wakakubaliana wahesabu kwa pamoja, na nikajikuta nasimamia kipindi cha kuhesabu kizuri kuliko chochote nilichowahi kukiandaa kwa vijiti na vizibo vya soda.

Niliwauliza jiwe lile jeupe limetoka wapi. Walisema limechongwa, limebandikwa, limeota. Binti aliyepiga hodi alisema linafanana na ule weupe ulioganda ndani ya birika la bibi yake. Sikuhitaji mfano mwingine, kwa kuwa ule ni jambo lilelile. Niliwaambia kwamba mvua ikinyesha huko juu, maji hupenya udongoni na kuchukua hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo kama wa ndimu iliyotiwa maji mengi. Ukali huo huyeyusha jiwe la chokaa polepole, na hivyo ndivyo chumba hiki chote kilivyochimbwa. Maji yaleyale yakifika hapa kwenye hewa, huiachia ile hewa ya ukaa, na chokaa yaliyoibeba hubaki nyuma chembe kwa chembe. Niliwaambia kwamba jiwe hili lilijengeka chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, lakini niliona idadi hiyo imewapita juu ya vichwa. Nilipowaambia kwamba kidole kile cha jiwe hakiongezeki hata milimita moja kwa mwaka, na kwamba tangu alipozaliwa babu wa babu yao huenda kimerefuka upana wa kidole tu, walinyamaza.

Kisha maswali yakaja. Usiku linadondoka? Na Jumapili? Likifika chini litafanya nini? Kwa swali hilo la mwisho nilimulika nguzo iliyokuwa pembeni, ambapo jiwe la juu na jiwe la chini yamekwisha kukutana, na mvulana wa saa akasema, “Kumbe zinasalimiana.” Lile la usiku na Jumapili nililijibu ndiyo. Aliyeliuliza hakupendezwa, alitaka kujua kwa nini basi sisi tunapumzika.

Aliyemkomboa mwalimu alikuwa mtoto wa kule mbele, mdogo kuliko wote darasani, ambaye mzee alimtuma apenye chini ya kwapa lake na kufungua vishikizo vya mikanda. Ilimchukua dakika chache tu. Begi lilivutwa huku kwetu likiwa bapa, na mwalimu akatokeza kule akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Tulitoka nje, tukanawa kwa sabuni, tukala maandazi yaliyoshikamana na mayai. Hakuna mtoto aliyelalamika. Soda za kando ya njia ziliuzwa karibu mara mbili ya bei ya kwetu, nikakataa kuzinunua, na dereva akaja akiwa amechelewa mno, na vumbi la abiria wengine kwenye viti.

Mapango ya Amboni niliyajua utotoni kama mstari mmoja wa kukariri: yapo wapi, yapo Tanga. Nilipata alama yangu na sikuwahi kujiuliza kwa nini yapo. Nilikulia kandokando ya Mto Pangani, nikinywa maji yaliyoacha weupe uleule kwenye masufuria ya mama, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba sufuria na pango ni habari moja. Wiki iliyofuata watoto walileta mabirika shuleni bila kuagizwa. Mama mmoja alikuja kulifuata lake kabla ya saa ya chai, naye hakuwa na furaha.

Katika kikao cha wazazi, baba mmoja alisema kwamba fedha ile ingetengeneza madawati, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosta ile na nyongeza yake ya alfajiri ingelipa fundi seremala vizuri. Nilisema kwamba madawati tunayahitaji na nitasaidia kuyachangia, lakini ninaomba mwakani darasa la pili waende tena, safari hii kwa makundi mawili madogo, na kwamba kabla ya kuingia nizungumze na mwongozaji atuachie muda wa kukaa mahali pamoja, hata kama jiwe la mamba halitaonekana. Palizuka ubishi mrefu juu ya gharama. Mwishoni walikubali kwa sharti la mwalimu wa michezo mwenyewe, aliyesimama na kutaka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba mwakani kila mtoto atakula chakula chake nje, kabla ya kuingia.