Pancha ya Jumapili kwenye barabara ya Maji Maji, Berlin

Jumapili ile nilitoka nyumbani saa tatu asubuhi na fulana moja tu mwilini, na aliyewahi kukaa Berlin kuanzia Oktoba mpaka Machi anajua hiyo ina maana gani, miezi yote hiyo unavaa koti zito mpaka mabega yanauma, jua unalisikia redioni tu, halafu siku moja mwishoni mwa Aprili unafungua dirisha unakuta miti yote imechipua kwa pamoja na watu wamejaa barabarani kana kwamba kuna sikukuu. Nikashusha baiskeli ngazi nne, nikasema leo naizunguka hii mji kutoka kusini mpaka kaskazini, sirudi mpaka giza liingie.

Mimi ni mtu wa Songea, naishi Neukölln, kusini mwa Berlin, mwaka wa sita sasa. Na nilikuwa na sababu moja ya ziada. Mama alishasikia kwamba kuna barabara huku imepewa jina la vita yetu ya Maji Maji, na tangu hapo kila nikipiga simu ananiuliza picha iko wapi, na mimi kila siku kazi, mvua, baridi, wiki ijayo mama. Nikaona leo ndo leo.

Nilianzia Lucy-Lameck-Straße kwa sababu iko jirani tu. Zamani ilikuwa inaitwa Wissmannstraße, jina la yule Mjerumani aliyekuja kuzima vita ya Abushiri pwani, Abushiri mwenyewe wakamnyonga Pangani mwaka 1889. Mwaka 2021 wakaliondoa jina la Wissmann wakaweka la Lucy Lameck, mwanamama wa TANU wa kule Moshi aliyekuja kuwa naibu waziri wakati wa Mwalimu. Kila nikipita pale napunguza mwendo, sijui kwa nini, ni barabara fupi tu ya kawaida, ina miti na magari yamepaki, lakini kuliona jina la Mtanzania kwenye kibao cha Kijerumani bado sijazoea na sitaki kuzoea.

Kutoka hapo nikaingia Tempelhofer Feld. Kwa msioijua, huu ulikuwa uwanja wa ndege kabisa, ndo hapa ndege zilikuwa zinashusha chakula na makaa usiku na mchana mwaka 1948 na 1949 mji ulipozingirwa. Waliufunga 2008, 2010 wakaufungua uwe bustani ya wote, na 2014 serikali ilipotaka kujenga nyumba pembeni wananchi wakapiga kura wakakataa. Kwa hiyo leo unaendesha baiskeli yako katikati ya ranwei yenyewe, lami pana hujawahi kuona, hakuna gari, upepo unakusukuma mgongoni mpaka unaacha kukanyaga pedeli. Watoto wanarusha tiara, watu wanachoma nyama, wazee wamelala kwenye nyasi na viatu wamevua. Nilizunguka mara tatu. Ningeweza kukaa pale siku nzima kama si bei, chupa ndogo ya maji yuro tatu jamani, karibu elfu tisa ya kwetu, eti na senti 25 za chupa utarudishiwa ukiipeleka dukani, na maduka Jumapili yamefungwa!

Kreuzberg, mfereji, Tiergarten, hapo kote nilipita tu, kuzuri lakini watu wengi mno.

Sasa nifike kwenye penyewe. Kule Wedding, upande wa kaskazini wa mji, kuna mtaa mzima unaitwa mtaa wa Kiafrika, barabara zake ni Togo, Kameruni, Uganda, Zanzibar, Usambara, ukipita na baiskeli ni kama unasoma ramani ya darasa la nne. Majina hayo yalianza kuwekwa enzi za ukoloni, na mfanyabiashara mmoja wa wanyama, Carl Hagenbeck, alipanga kufungua pale karibu bustani ya kuonyesha wanyama wa Afrika na watu wa Afrika pamoja, vita ya kwanza ya dunia ikaukatiza mpango huo. Katikati ya mtaa palikuwa na Petersallee, na kila aliyesoma historia Tanzania anamjua Karl Peters, ndo yule wa mikataba ya ulaghai ya 1884, wa chifu Mangungo wa Msovero. Agosti 2024 jina likaondolewa, barabara ikagawanywa, kipande kimoja kikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamama wa Namibia aliyepinga ukoloni, kingine Maji Maji.

Nikafika chini ya kibao. Maji-Maji-Allee, maandishi meusi kwenye bati jeupe. Kwetu Songea neno hilo liko kila mahali, uwanja wa mpira ni Majimaji, timu ni Majimaji, Wanalizombe wenyewe, nimekua nalishangilia kabla sijajua lina damu ndani yake. Nikasimama pale nalitazama, koo limekaza, nikatoa simu nipige picha, na wakati nasogeza baiskeli nyuma ili kibao chote kiingie nikasikia psssss. Kipande cha chupa. Tairi la nyuma limekaa chini lote.

Jumapili! Fundi yupo wapi Ujerumani Jumapili? Kwetu ningesukuma mita mia mbili nikamkuta jamaa chini ya mwembe na beseni lake, buku moja tu, na stori juu. Hapa nilikuwa kama kilomita 13 kutoka nyumbani, na wikiendi ile hata treni ya upande huo walikuwa wanaikarabati, basi la kufidia baiskeli hairuhusiwi.

Nimeipindua baiskeli juu chini, sina hata kifaa kimoja, nasikia sauti ya mwanamke juu yangu. Bibi mmoja alikuwa dirishani ghorofa ya kwanza, ameweka mto chini ya viwiko kama wanavyofanya wazee wa huku, ametazama kila kitu toka mwanzo. Akaniuliza napiga picha ya nini. Nikamwambia kibao. Akasema, "Mayi-Mayi, hilo jina hakuna anayelijua, mimi nilidhani ni la mwezi wa Mei." Maana kwa Kijerumani herufi j inasomeka y, na Mei wanaiita Mai, kwa hiyo kwa bibi huyu anwani yake ilikuwa Mei Mei. Akaanza kulalamika, amekaa pale tangu 1978, barua zinapotea, kadi zote abadilishe, hakuna mtu aliyemuuliza. Na yule Peters, akasema, si yule wa ukoloni, tangu 1986 walisema ni Peters mwingine.

Ni kweli, walibadilisha maelezo wakaacha kibao kilekile. Nikamuuliza kwa upole, bibi, kama mtu amechoma nyumba ya babu yangu, halafu unaniambia jina ulilobandika mlangoni ni la mtu mwingine mwenye jina kama lake, mimi nikipita nitasoma nini? Akakaa kimya. Akafunga dirisha. Nikajua nimeshamuudhi.

Dakika tano hazijaisha mlango wa chini ukafunguka, bibi huyo, ana ndoo ya maji mkono mmoja na kibati cha marehemu mume wake mkono mwingine, ndani viraka, msasa, na tyubu ya solusheni. Ndoo kaibeba mwenyewe, imejaa, na umri ule. Nikaipokea haraka nikaona aibu. Nikatoa mpira, nikauzamisha kwenye ndoo, viputo vikapanda, tundu hilo hapo. Bibi ameinama anaangalia kwa makini. Nikachovya mkono nikamwonyesha matone, nikamwambia, "Haya ndo maji. Hicho kibao chako kinasema maji, maji."

Akarudia, mayi. Hapana bibi, ji. Maji. Mara ya nne akaliweza, akacheka.

Basi tukiwa tunasugua msasa nikamweleza yote. Kinjekitile wa Ngarambe na dawa yake ya maji ya kugeuza risasi, jinsi vita ilivyoanza Umatumbi 1905, makabila ambayo hayajawahi kukaa pamoja yakasimama pamoja, jinsi Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Nikamweleza kwamba mji wangu una jina la nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, kwamba Februari 27 mwaka 1906 walinyongwa watu zaidi ya 60 pale kwetu, na kwamba kichwa cha Songea Mbano inaaminika kililetwa huku Ujerumani na mpaka leo ukoo unakitafuta. Novemba 2023 rais wao Steinmeier alikuja Songea akaomba msamaha. Bibi alikuwa hajui hata hilo la rais. Akasema shuleni hawakuwahi kuambiwa hata sentensi moja.

Solusheni ilikuwa imekauka, kitu cha miaka. Bibi akapanda tena ngazi, akagonga kwa kijana wa Kituruki wa ghorofa ya tatu, kijana akashuka na mpya na pampu ya maana, kazi ikaisha kwa dakika kumi, tukasimama watatu tunasubiri kiraka kishike. Ndo hapo bibi akaelekeza kidole kona ya barabara, kuna pampu ya maji ya mkono, ya kijani, ya chuma, ziko mji mzima nimezipita mara elfu moja. Akasema 1945 alikuwa na miaka minne, mama yake alikuwa anapanga foleni kwenye pampu kama ile na yeye anashika mpini wa ndoo upande mmoja, mabomba yote yalikuwa yamepasuliwa na mabomu. Mimi nikamwambia nimebeba maji mpaka darasa la saba, ndoo ya lita 20 kichwani, na majani juu ili yasimwagike. Akauliza majani ya kazi gani, nikamweleza, akasema wao hawakujua hiyo, walikuwa wanafika nyumbani nusu.

Nilitaka kumpa hela ya kiraka akakataa kabisa, kijana naye akakataa. Nikarudi polepole, saa mbili na nusu usiku jua ndo kwanza linazama na watu bado wamekaa nje, kwetu saa hizo taa zimewashwa zamani na mbwa wanabweka. Miguu ilikuwa inatetemeka, kiraka hakijalegea.

Nikamtumia mama picha. Imetoka imepinda, nusu ya kibao imekatwa, kidogo chini inaonekana ndoo. Mama akapiga palepale, hakuuliza kuhusu kibao, akauliza hiyo ndoo ya nani. Nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwanangu, mtu mzima amekubebea maji, umemwachia nini?" Nikasema alikataa hela. Akasema nani amezungumzia hela, ile kahawa ya Mbinga niliyokupa iko wapi?

Nimeipima, imebaki kama nusu kilo. Jumapili hii nampelekea.