Lantana niliipanda mwenyewe, nikaing'oa kwa maksai

Nianze na aibu. Lile pori la miiba nyuma ya nyumba yetu huku Uyui hakulileta mtu mwingine. Nililileta mimi, juu ya baiskeli: vijiti vinne vya lantana nilivyoomba kwenye uzio wa nyumba moja Tabora mjini. Maua yalinivutia, yanachanua ya njano halafu yanageuka ya waridi. Na mbuzi hawaigusi. Nikajiona mjanja.

Ndege shore wakala vitunda vyake vyeusi, wakaenda kunya mbegu chini ya miti ya mitundu nilikotundika mizinga ya nyuki. Miaka minne mitano hivi, kichaka. Nyasi hakuna, miche ya mninga hakuna, na mizinga naifikia kwa kutambaa. Kiangazi kimoja ndama kwa njaa akala majani yake. Macho yakawa manjano, ngozi ya pua ikachubuka, jua halitaki kabisa. Alipona, ila mama watoto hakuchoka kuniuliza nani alileta ua.

Sasa ushauri. Mzee mmoja jirani, na wote waliomwitikia: "Choma moto tu." Nikachoma. Iliwaka vizuri mno, moto ukadandia mtundu na mizinga yangu miwili ikaenda nao. Mvua za Novemba kudondoka, kila kisiki kimetoa machipukizi kumi, na kwenye majivu miche imejaa kama mchicha. Nilikuwa nimeipalilia!

Nikasubiri Januari, ardhi ilowe sawasawa. Shina unalikata ukibakiza kimo cha goti, maana hicho ndicho kishikio chako. Wengi hukata chini kabisa kisha wanabaki kukwangua udongo. Nikalegeza mizizi kwa sururu, nikafunga mnyororo wa plau, nikaazima maksai wawili wa shemeji. Mara ya kwanza mnyororo ulichomoka, nami niliyekuwa nakisukuma kisiki kwa nyuma nikakaa kitako juu ya miiba. Vijana walicheka hadi maksai wakasimama. Baada ya hapo nikawa nachonga kijino kwenye kisiki ili mnyororo ukae. Maksai wakivuta, unasikia mizizi chini inakatika, kruu, kruu, kisha kinatoka chote na donge lake la udongo.

Visiki tulivipachika kwenye panda za miti, mizizi juu. Vitatu nilivyovisahau chini vilishika tena. Vijana walichukua kama elfu arobaini na ugali. Shemeji alipewa chupa mbili za asali, anadai ya tatu.

Miche mipya watoto wanaing'oa kila mvua ikinyesha, na kazi hiyo bado haijaisha. Ila nyasi zimerudi, na juzi nimeona mche wa mninga, majani matatu, nikauwekea miba pembeni.

Yule mzee wa moto naye kaja kuuliza maksai wanakodishwa bei gani.