Nilivyopima mshiko wa katani kwa chupa ya maji

Jirani yangu hapa Kibirizi, Kigoma, ni fundi wa boti za faiba. Mikeka ya faiba anayoilowesha kwa rezini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, ikimwishia, kazi inalala mpaka mzigo ufike kutoka Dar. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, katani haiwezi kushika kwenye rezini?" Nafundisha fizikia, kwa hiyo nikaona aibu kubahatisha.

Mashine ya kuvuta nyuzi na kupima nguvu sina. Nilisimamisha uzi mmoja wa katani ndani ya kifuniko cha chupa ya maji, nikaushikiza kwa kibanio cha nguo, fundi akamimina rezini yenye hadina (dawa ya kuigandisha), kina cha sentimita 1. Kesho yake nikakifudikiza kifuniko, uzi ukaning'inia, nikaufunga chupa na kuongeza maji kwa bomba la sindano. Mililita moja ni gramu moja, basi hesabu rahisi.

Nyuzi zote zilikatika, maji yakiwa yamepita lita moja. Nikashangilia: imeshika kweli kweli! Usiku ndipo nikashtuka. Kilichokatika ni katani yenyewe. Mshiko wake na rezini nilikuwa sijaugusa. Uzi ukizama sana, eneo linaloshikwa linakuwa kubwa na uzi hukatika kabla haujachomoka.

Nikapunguza kina hadi milimita 3. Sasa nyuzi zikaanza kuchomoka nzima, "tki!", zikiacha kitundu safi kwenye rezini. Maikromita ya shule ilisoma unene wa milimita 0.2. Zidisha pai kwa unene kwa kina: eneo linaloshikwa ni kama milimita za mraba 1.9. Nyingi zilichomoka kwenye gramu 480 hivi, yaani niutoni 4.7; gawanya, unapata niutoni 2.5 kwa kila milimita ya mraba. Katani si mviringo kamili, na rezini hupanda kidogo kwenye uzi, kwa hiyo sikuiamini sana namba yenyewe. Nilichotaka ni kulinganisha.

Nikaloweka fungu jingine kwenye maji ya kostiki (kemikali kali ya kutengenezea sabuni) ya asilimia 5, nikasuuza mpaka utelezi ukaisha, nikaanika. Kostiki huondoa nta na kuparuza uso wa uzi. Hizo zilivumilia gramu 650. Fungu nililolianua kabla halijakauka, mvua ikitishia, lilichomoka kwenye 300 tu.

Fundi akatazama daftari. "Na ikikaa majini?" Vifuniko kumi viko kwenye ndoo ya maji ya ziwa hadi mwezi ujao. Kwa sasa katani ameiweka kwenye kiti cha nahodha. Kwenye tumbo la boti amekataa.