Usiku wa Kwenda Lukaya

Nilipovuka mpaka kutoka Tanzania kuingia Uganda nikiwa mgambo, katika vita vya kupigana na Idi Amin mwanzoni mwa 1979, kapteni wetu alikuwa mtu wa mstari. Mstari wa kwata, mstari wa chakula, na zaidi mstari wa kutembea: hatua tano kati ya askari na askari, na wa nyuma akanyage pale alipokanyaga wa mbele. Penye mabomu ya kutegwa ardhini hiyo ni sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Yeye aliidai hata tukienda kuchota maji.

Katika platuni yetu alikuwamo mgambo mmoja mvuvi kutoka Ukerewe. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, na kwa kuwa wengi wetu tulikuwa vijana tulimwita Babu. Pale Mutukula mpakani, wakati tunachimba mahandaki, alimwambia kapteni kwamba pale tulipochagua maji ya mvua yatapita. Kapteni akamuuliza alisomea chuo gani cha kijeshi. Babu akapewa adhabu ya kubeba mfuko wa mchanga hadi jua lilipozama. Usiku wa pili mvua ilinyesha, tukalala tumesimama. Kapteni hakusema neno, naye Babu hakusema.

Mji wa Masaka ulianguka mikononi mwetu tarehe 24 Februari. Sitaieleza Masaka, wengi wameieleza. Nitasema tu kwamba baada ya hapo kapteni aliacha kula peke yake. Alikuwa anakuja na bakuli lake la bati, anachuchumaa kati yetu, anauliza mtu mmoja mmoja anatoka wapi na huko wanalima nini. Mwanzoni tulidhani anatupeleleza.

Tarehe 10 Machi sisi wa Brigedi ya 208, chini ya Brigedia Mwita Marwa, tulikuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi mwa Lukaya, mji mdogo ulio kati ya Masaka na Kampala. Waliokuwa Lukaya kwenyewe ni wenzetu wa Brigedi ya 201, ambao wengi wao walikuwa mgambo wasiowahi kupigana. Barabara kubwa ya Kampala hapo inapita juu ya tuta, kulia kinamasi, kushoto kinamasi. Jeshi la Amin lilikuja na Walibya, na vifaru, na ile mizinga ya roketi inayolia kama mbingu inapasuliwa. Wenzetu walitawanyika.

Sisi tuliambiwa tugeuke, tutembee usiku, tukaikate barabara ya Kampala nyuma ya adui kabla hakujapambazuka. Zamani kapteni angepiga kelele "Mbele, tembea!" basi. Usiku ule alituita karibu, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Wenzenu wamevunjika. Tukichelewa, Masaka inarudi mikononi mwa nduli. Njia ya magari hatuna. Mbele yetu kuna mafunjo." Halafu akakaa kimya, na kimya chake kilitutisha kuliko habari yenyewe.

"Afande," Babu akasema gizani, "kwa mstari wako huo tutazama."

Nilisubiri mfuko wa mchanga.

"Kwa nini, Babu?" Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo.

Babu akaeleza. Mafunjo yameshikana mizizi yakawa kama mkeka juu ya tope. Wa kwanza anapita, wa pili anapita, wa kumi anautoboa, na wa ishirini humwoni tena. Kwa hiyo kila mtu atafute njia yake, akanyage juu ya shina, asikanyage katikati ya mashina, na bunduki aishike kwa mikono miwili imelala mbele ya kifua, akizama imzuie. Kapteni aliuliza maswali mawili matatu kama mwanafunzi, kisha akatoa amri ile ile kwa maneno yale yale ya Babu. Akamweka Babu mbele, yeye mwenyewe akafuata na sanduku la risasi begani. Sanduku hilo lilikuwa langu. Nilikuwa na homa.

Sikumbuki saa ngapi tulitoka upande wa pili. Nakumbuka ruba miguuni, na mtu mmoja akicheka bila sababu mpaka akazibwa mdomo. Alfajiri ya tarehe 11 tulikuwa juu ya barabara, na waliokuwa mbele yetu walikuwa wametugeuzia mgongo. Mapigano yenyewe naweza kuyasimulia kwa sentensi moja: walishtuka, wakakimbia, na ambao hawakuweza kukimbia walikufa. Baadaye ilisemwa kwamba maiti zilizohesabiwa zilikuwa 400 hivi, kama nusu yake Walibya. Baadhi ya Walibya hao walikuwa mgambo wa kwao, watu waliotolewa kwenye kazi zao kama sisi.

Kuna wanaopenda kusema vita humkomaza kamanda, na wanamaanisha humfanya mtu mwema. Mimi niliyeona sisemi hivyo. Kapteni aliyejifunza kumsikiliza Babu ndiye huyo huyo aliyepita kati ya maiti asubuhi ile akiuliza gari lipi bado lina petroli. Na mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nilipofika kwa kijana mmoja wa Kilibya aliyelala kando ya tuta, nilitazama viatu vyake kabla sijatazama uso. Vilikuwa vipya. Nilivipima kwa macho, nikaona ni vidogo, ndipo nikakumbuka kusema "Inna lillahi."

Siku chache baadaye alitufikia luteni mgeni kutoka nyuma, sare imenyooka, anatafuta mstari wa kukagua. Akawakuta kapteni na Babu wamekaa juu ya gogo, Babu anachora chini kwa kijiti namna ya kuzunguka bonde lililokuwa mbele, kapteni anamfutia na kumbishia. Luteni akapiga saluti, kisha akaniuliza pembeni, "Huyu mgambo ana cheo gani hata anakaa na kapteni?"

Kabla sijajibu, kapteni akageuka. "Luteni, unajua kuogelea?"

"Hapana, afande."

"Basi leo utatembea nyuma ya Babu. Mbebee na mkeka wake."

Luteni alicheka, akidhani ni utani. Babu alikuwa tayari ameshaanza kuukunja.